Uzi: Safari ya tano Bangkok, mara ya kwanza kuiona Bangkok

Lupu_ya_Arusha

Wakuu, salaam. Uzi huu niliuahidi kwenye ule mwingine wa bei za mawe, nikawa naukwepa kwa uvivu wa kuandika kwa simu. Leo Arusha mvua imetufungia ndani, ngoja niumwage.

Mimi ni dalali wa vito. Bangkok nimekwenda mara tano tangu 2016, karibu zote kwa yale maonyesho ya vito ya Februari na Septemba. Ungeniuliza Bangkok ikoje ningekujibu: uwanja wa ndege, barabara ya Silom, chumba chenye kiyoyozi, meza nyeupe, taa, na mtu anayekwambia bei yako iko juu. Basi. Jiji lote lile mimi nalijua kwa upana wa barabara moja.

Na kulikuwa na sababu. Safari ile ya kwanza nilibakiwa na siku moja ya ziada, nikasema na mimi niende kwenye kasri la mfalme kama watu. Nikashuka karibu na ukuta mweupe. Kabla sijafika getini akanisogelea mzee mmoja nadhifu, shati limepigwa pasi, kadi inaning'inia kifuani. Akaniambia kwa upole kabisa: asubuhi hii pamefungwa, kuna ibada, patafunguliwa saa saba mchana. Usisimame juani bure, ngoja nikuitie tuktuk ikuzungushe kidogo, baht 20 tu.

Baht moja ni shilingi zetu sabini na kitu hadi themanini, kutegemea siku. Yaani jiji zima unazungushwa kwa bei ya soda na andazi. Hapo akili yangu ya Kichaga ilitakiwa ipige kengele. Ikalala.

Dereva akanipeleka kwenye hekalu dogo lisilo na watu. Ndani nikamkuta bwana mwingine "kwa bahati tu", akaanza kunipa stori kwamba leo ni siku ya mwisho ya punguzo la serikali kwenye mawe. Mnaona inakoelekea. Dakika kumi baadaye niko duka la vito, nimekalishwa, nimepewa maji baridi, na dada mmoja ananifungulia karatasi yenye safaya ya bluu.

Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa lupu, ile lenzi ndogo ya kukagulia mawe.

Dada alipoiona lupu tabasamu likahama. Nikaliangalia lile jiwe likiwa limekuzwa mara kumi: ndani kuna mistari imejipinda kama ya santuri. Safaya ya ardhini mistari yake imenyooka na inakutana kwa pembe. Iliyopinda ni ya kiwandani, imepikwa kwenye moto. Nikalikunja kwenye karatasi yake nikamrudishia, "asante dada". Hakuna aliyegombana na mtu. Ila dereva, ambaye hulipwa kuponi ya mafuta kwa kila kichwa anachokipeleka, alinuna na kuniacha palepale, sijui niko wapi.

Nilifika kasri saa tisa na dakika arobaini na tano alasiri. Tiketi hufungwa saa tisa na nusu. Na kasri siku ile halikuwa limefungwa hata dakika moja!

Tangu hapo nikasusa. Nikishuka ndege ni Silom, nikimaliza ni ndege. Hadi Septemba iliyopita. Inaendelea.

Jiwe_Gumu

Nipo siti ya mbele. Dalali wa Mererani anauziwa chupa, hii tamu.

Lupu_ya_Arusha

Sikuuziwa bwana, soma vizuri. Niliibiwa siku, hela nilibaki nayo.

Babu_wa_Muhuwesi

Kijana umenikumbusha mbali. Tunduru miaka ile ya tisini katikati, mawe yalipotoka mtoni, Wathai walikuja wengi. Walikaa barazani na mizani na tochi, sisi tunapanga foleni na vijikaratasi. Kiswahili walichokijua mwanzoni ni maneno mawili, "chafu" na "ndogo". Hata ukimpelekea jiwe kama macho ya paka, "chafu". Baadaye tukaja kusikia likifika kwao linachomwa, linatoka safi, bei mara kadhaa. Endelea, nasikiliza.

Lupu_ya_Arusha

Mzee wangu shikamoo. Ndiyo hivyohivyo. Mji wao wa kuchoma mawe unaitwa Chanthaburi, uko mashariki mwa Bangkok. Mwisho wa wiki kuna soko mnunuzi anakaa mezani, wauzaji ndio wanaompitia. Yaani baraza lako la Tunduru, limehamia kwao. Lakini huko ni uzi mwingine.

Tuendelee. Septemba hiyo mteja wangu aliahirisha kikao kwa siku nzima. Mwenzangu mmoja wa Nairobi akaniambia chukua mwongoza watalii mwenye leseni, acha ubahili. Nikampigia mama watoto kumwarifu, nikasema "kesho natembea na gaidi". Akanyamaza. "Gaidi gani tena?" Ikabidi nianze kufafanua kwamba ni guide, wa kike, mtu mzima, mwenye leseni ya serikali. Hapo kwenye "wa kike" nikawa nimeharibu zaidi.

Na fikirieni: mimi mtu wa Arusha. Mtaani kwetu kila nyumba ina kijana anayeendesha wazungu kwenda Ngorongoro, nimekulia humo, nawajua watalii kwa kofia zao. Leo mtalii ni mimi, nina chupa ya maji mkononi, namfuata mtu mwenye mwavuli.

Tulikubaliana baht 2,500 kwa siku nzima, tiketi na nauli juu yangu. Angalizo kwa wanaoenda: kule kuongoza watalii ni kazi ya raia wao tu, kwa sheria. Mswahili mwenzako anayeishi kule akikwambia "nitakuzungusha", akuzungushe kama rafiki. Akichukua hela, mkikamatwa msinitafute. Mwenye leseni huwa amevaa kadi yenye picha yake, na hii inasomeka.

Mama_Pratunam

Hapo umesema kweli. Mimi nanunua nguo soko la Pratunam, hukohuko Bangkok, mwaka wa tisa sasa, nimeona vijana wetu wanajifanya wenyeji, mwisho wa siku wanatafutwa. Halafu waambie kadi ya njano kabla hujasahau!

Lupu_ya_Arusha

Asante mama. KADI YA NJANO. Ukitokea Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo, Thailand wanadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Ukishuka uwanja wa Suvarnabhumi usikimbilie foleni ya uhamiaji kama wengine. Kuna dawati la afya, unaanzia hapo, wanakugongea, ndipo unakwenda uhamiaji. Nimeshuhudia jamaa amekaa foleni saa nzima, anafika mbele, anarudishwa mwanzo.

Haya. Tulikutana na dada kituo cha treni ya juu cha Saphan Taksin, saa mbili kasoro asubuhi. Tumeshasalimiana, watu wanapita mbio kwenda makazini, ghafla spika ikalia na wote wakaganda. Mwenye kahawa kaganda, mwenye simu kaiteremsha. Mimi ndiyo nilikuwa nimeinua mguu. Dada akanishika kiwiko. Ni wimbo wa taifa, kila siku saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, popote penye spika za umma unasimama. Ukaisha, watu wakaendelea kukimbia kana kwamba mtu amebonyeza kitufe.

Chini ya kituo kuna gati. Tukapanda boti ya abiria yenye bendera ya machungwa, baht 16 umbali wowote. Hii ni daladala, wakuu, msidanganyike na neno boti. Konda ana kopo refu la chuma lenye sarafu na tiketi ndani, anapita akilitikisa, *chaka chaka chaka*, ukisikia unajua nauli inadaiwa. Sijawahi kujisikia nyumbani Bangkok kama nilipousikia ule mlio. Boti haisubiri. Inagusa gati kwa tako, jamaa mmoja anapiga filimbi, unaruka, imeondoka.

Mto unaitwa Chao Phraya, rangi yake chai ya maziwa. Dada akaanza somo humohumo kwenye boti. Mji mkuu wao wa zamani, Ayutthaya, uliteketezwa na Waburma mwaka 1767. Jemadari mmoja, Taksin, akakusanya watu akajitangaza mfalme, akaweka makao Thonburi, ng'ambo ya magharibi ya mto. Mwaka 1782 akaondolewa, akaingia mfalme wa ukoo wa Chakri, akahamia ng'ambo ya mashariki. Huyo ndiye Rama wa Kwanza, na mfalme wa leo ni wa kumi wa ukoo uleule. Bangkok wenyewe hawaiiti Bangkok, wanaiita Krung Thep, na hicho ni kipande tu, jina kamili ni refu kuliko risala ya harusi.

Kijana_wa_Tononoka

Kumbe nyinyi huko mwaita bajaji na huku waandika tuktuk! Karibu Mombasa ndugu yangu, sisi twaita tuktuk miaka yote. Lakini ya baht 20 sijaiona.

Lupu_ya_Arusha

Usiombe kuiona.

Gati ya Tha Chang, tukashuka. Getini pale pale nilipoingizwa mjini 2016, kuna bango linaonya wageni wasiwasikilize watu wasiowajua. Na mita hamsini tu kutoka kwenye bango, bwana mmoja nadhifu yuko na wazungu wawili, anawaonyesha saa yake na kutikisa kichwa kwa huruma. Nikamwambia dada, "huyo hapo!" Akawaendea wale wazungu akasema sentensi moja tu, wakageuka wakatufuata. Yule bwana akatuangalia bila hasira, kama mvuvi aliyepoteza dagaa.

Kiingilio cha kasri baht 500. Mavazi wanakagua: bega lisionekane, goti lisionekane. Nje wamejaa wauza suruali pana zenye picha za tembo, ndio wanaokula kwa wavaa kaptula.

Ndani sitaeleza kila kitu, macho yanachoka. Dhahabu, vigae, vioo, majitu yenye meno na marungu yanalinda milango. Ukuta wa ndani umechorwa kisa cha Ramakien, ambacho ni Ramayana ya Wahindi kwa sura ya Kithai, picha 178 mfululizo. Ukianza moja hadi ya mwisho unalala humo.

Lakini hekalu lenyewe, Wat Phra Kaew, hapo ndipo nilipotaka kufika tangu 2016. Ndani yake yumo Buddha wa Zumaridi. Unavua viatu, huruhusiwi kupiga picha, unakaa chini miguu imekunjwa nyuma. Nyayo hazielekezwi kwa Buddha, ni tusi. Yuko juu kabisa ya kiti cha dhahabu, ana sentimita 66 tu. Nilitegemea jitu. Ni kama mtoto aliyekaa juu ya kabati.

Na ile ni mara ya kwanza nimekaa mbele ya jiwe la kijani bila kuruhusiwa kulisogelea. Mkono ulikuwa unawasha. Lupu iko mfukoni, haina kazi.

Nikamnong'oneza dada: "Ile si zumaridi." Akaniambia, tunajua sote, ni jedi, lile jiwe la kijani wanalolipenda Wachina. "Sasa mbona hamsemi?" Akaniambia twende nje.

Nje akanikalisha kivulini akanipa kisa. Mwaka 1434, Chiang Rai kaskazini, radi ilipiga mnara wa hekalu ukapasuka, ikatoka sanamu iliyopakwa lipu. Ikachukuliwa kama sanamu nyingine yoyote. Baadaye lipu ikabanduka puani, mtawa akaona kijani ndani, akadhani zumaridi. Jina likakaa. Ikazunguka miji ya kaskazini, ikakaa Laos zaidi ya miaka mia mbili, hadi 1779 alipoichukua Vientiane yule jemadari ambaye baadaye alikuja kuwa Rama wa Kwanza. Ukimuuliza Mlao leo, stori hiyo ataisimulia kwa sauti nyingine. Hilo la mwisho alilisema mwenyewe dada, taratibu.

Ana nguo tatu za dhahabu: ya joto, ya mvua na ya baridi, na mfalme ndiye humbadilisha. Nilimkuta kavaa ya mvua.

Nikataka kubishana kuhusu jina, nikakumbuka tanzanite. Sisi wenyewe hatukuliita hivyo jiwe letu. Kitaalamu ni zoisaiti, na jina la tanzanite lilitoka kwa Tiffany wa New York mwaka 1968, kwa sababu hilo la kitaalamu lilisikika vibaya dukani. Nikafunga mdomo.

Jiwe_Gumu

Yaani nauli yote hiyo kwenda kuangalia masanamu. Ungewapeleka watoto Tarangire.

Lupu_ya_Arusha

Nauli alilipa mteja, mkuu. Watoto Tarangire wameenda na shule mara mbili.

Shangani_Kwetu

Assalaam alaykum. Mie nauliza chakula. Halali inapatikana, au ndio mtu ashinde na mkate na ndizi?

Mama_Pratunam

Waalaykum salaam. Inapatikana tele. Waislamu wa Kithai wapo tangu zamani. Mimi ijumaa naswali Haroon, msikiti uko barabara ya Charoen Krung soi 36 (soi ni kichochoro), karibu na mto, nje wanauza biriani ya kuku na mishikaki. Na Sukhumvit soi 3 upande wa Nana kuna mtaa mzima wa Waarabu, ukipita na njaa unashiba kwa harufu. Kwenye maduka angalia alama ya halali kwenye pakiti. Ila tambi za mtaani usile kwa kukisia, mchuzi wao mara nyingi una nguruwe.

Na mwambie aonje wali wa kunata na embe. Wanaumiminia tui.

Shangani_Kwetu

Wali, tui na embe kwenye sahani moja? Embe hapo imefuata nini?

Lupu_ya_Arusha

Nilisema hivyohivyo. Nikamaliza, nikaagiza ya pili. Pia kuna doriani, nyinyi Unguja mnalijua, sisi wa bara ndio tunakimbia. Hotelini kwangu kuna kibao: doriani marufuku.

Kabla ya kutoka kasri, jengo moja la kuchekesha. Ukumbi mkubwa wa Rama wa Tano, ulikamilika 1882. Chini kuta, nguzo na madirisha ya Ulaya mtupu, juu mapaa ya Kithai yenye ncha. Wenyewe wanaliita farang aliyevaa kofia ya Kithai. Farang ni mzungu. Mchana nikamsikia muuza matunda anaita "farang! farang!" nikageuka kutafuta mzungu, kumbe anauza mapera. Neno ni lilelile. Dada alicheka hadi akakaa chini.

Mwendo wa dakika chache kusini kuna Wat Pho, baht 300. Buddha amelala ubavu, mita 46, kimo mita 15, nyumba imembana hadi unamwona kwa vipande: kwanza uso, halafu kiwiko, halafu safari ndefu ya kiuno. Nyayo zimechorwa alama 108 kwa chaza, yaani lile gamba lake linalong'aa. Niliinama pale. Chaza ninamjua, nimemnunua na kumuuza, lakini sijaona aliyepachikwa hivi kwenye lakiri nyeusi. Kila kipande kidogo kama ukucha kimekatwa kufuata mkunjo wa ua au mkia wa ndege, na ukisogeza kichwa kinatoka waridi kinakwenda kijani. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaanza kuniangalia mfuko.

Upande wa mgongoni kuna mabakuli 108 ya shaba yamepangwa foleni. Unanunua kopo la visarafu kwa baht 20, unapita unadondosha kimoja kimoja. Watu kumi wakidondosha kwa pamoja ukumbi wote unalia kama mvua ya kwanza juu ya bati. Vyangu viliisha bakuli la mia na tatu. Dada alinikopesha vitano.

Nje ya hapo kuna shule yao ya kukanda mwili, maarufu. Sikukandwa. Nilishakwambieni mama watoto aliuliza nini.

Mdadisi_Makongo

Mkuu swali. Ni kweli ukimsema mfalme unafungwa? Au ni stori za mitandaoni?

Lupu_ya_Arusha

Ni kweli. Kifungu cha 112 cha sheria yao ya jinai, miaka mitatu hadi kumi na tano kwa kila kosa, na wageni nao wamo. Wala usikanyage noti iliyodondoka ikipeperushwa na upepo, ina sura yake. Siasa zao waachie wenyewe.

Mchana tukavuka mto kwa kivuko cha baht 5 kwenda Wat Arun, hekalu la alfajiri. Wanasema Taksin alifika pale jua linachomoza. Kiingilio baht 200. Mnara mmoja mkubwa, wa zaidi ya mita 65, ngazi zake zimesimama kama za kupandia mnazi. Kwa mbali unaonekana mweupe wa maua. Ukisogea unakuta maua yote ni vyombo! Vipande vya sahani na vibakuli vya Kichina, vimevunjwa na kupachikwa kwenye lipu: kitako cha bakuli kimekuwa kitovu cha ua, vigae vya sahani petali. Wanasema vingi vilikuja na meli kama mzigo wa kuzituliza baharini. Niliona ukingo wa kibakuli una mstari wa bluu kabisa kama kile alichokuwa anakunywea mbege babu yangu. Au nilitaka kuona hivyo.

Shangani_Kwetu

Hilo mbona kwetu lipo. Nenda Kunduchi kwenye makaburi ya zamani, au Mambrui kule Malindi, nguzo za makaburi zimepachikwa sahani na mabakuli ya Kichina. Mengi yameng'olewa, yamebaki matundu ya mviringo.

Lupu_ya_Arusha

Kunduchi nimeishi mwaka mzima nikisoma chuo, sijawahi kuingia pale magofuni. Bangkok mara tano, Kunduchi mwaka mzima. Nitapita Desemba nikishuka Dar.

Kijana_wa_Tononoka

Mambrui nitapiga picha jumapili niweke hapa, niko karibu.

Lupu_ya_Arusha

Weka mkuu, uzi wangu hauna picha, simu ililowa. Maana mvua ya Septemba ilitukuta palepale kwenye ngazi. Haikunyesha, ilimwagwa. Tukakimbia hadi kituo cha Itsaraphap, tukapanda treni ya chini inayopita chini ya mto, tukaibukia Hua Lamphong, ukingoni mwa mtaa wa Wachina.

Hapo ni Wat Traimit, na hiki ndicho kituo ambacho mimi ningelipia baht 2,500 peke yake. Sanamu ya dhahabu, urefu mita tatu, uzito tani tano na nusu. Kwa miaka na miaka ilikuwa imepakwa lipu na vioo vya rangi, kila mtu akijua ni sanamu ya udongo. Kuna wakati ilikaa chini ya paa la bati. Mwaka 1955 wanaihamisha kwenye jengo jipya, kamba zikakatika, ikaanguka, lipu ikapasuka. Wanaamini aliyeipaka alikuwa anaificha Waburma wasiione, halafu waliojua siri wakafa wote.

Pembeni wameweka vipande vya ile lipu yenyewe kwenye kioo. Watu wote wanapiga picha dhahabu. Mimi nilikaa kwenye lipu. Nene, ya kijivu, upande mmoja una alama laini za mwili ulioufunika. Nimefanya udalali miaka kumi na nne, kazi yangu yote ni kumwambia mtu jiwe lake ni chafu nikijua ndani ni safi. Babu wa Muhuwesi, ile "chafu" yako niliisikia pale.

Babu_wa_Muhuwesi

Umejisema mwenyewe mwanangu, mimi sijasema kitu.

Jiwe_Gumu

Tani tano na nusu! Ngoja nipige hesabu kwa bei ya leo.

Lupu_ya_Arusha

Usipige, usafi haulingani. Wanasema mwilini ni karibu asilimia 40, kichwani ndiyo inapanda, nywele zinafika 99. Wachimbaji wa Geita wangekataa kukupa bei bila kukwangua.

Mama_Pratunam

Na kwa gaidi wako mliachana saa ngapi? Mama watoto anasoma humu.

Lupu_ya_Arusha

Saa moja usiku mama, mbele za watu, nje ya kituo. Nilimwongezea baht 300 akainama mikono imekutana kifuani.

Lakini hiyo saa moja ina mambo. Tukiwa treni nilimuuliza tutamaliza saa ngapi, akampigia mumewe kwanza, nikamsikia anasema "nueng thum". Nikauliza ndiyo nini. Nueng ni moja. Saa moja usiku! Wathai kwa mazungumzo ya kawaida usiku wanahesabu kama sisi: saa mbili ni song thum, saa tatu sam thum, hadi saa tano. Nchi nzima ya ugenini nimekuta watu ambao saa moja ya usiku ni moja. Nilimweleza na sisi tunahesabu hivyo, akaniomba nimwandikie "saa moja, saa mbili" kwenye daftari lake.

Mdadisi_Makongo

Acha! Kwa hiyo wale wanaotucheka na saa zetu...

Lupu_ya_Arusha

Waambie waende Bangkok. Ila sikiliza mwisho wake. Kesho yake najiona mwenyeji, nikamwambia dereva wa hoteli kwa Kithai aje "song thum" anipeleke chakula. Akaja saa mbili usiku kamili. Kichwa kikavimba. Ndege yangu ilikuwa ya alfajiri, natakiwa kutoka saa nane usiku, nikampigia tena kwa kujiamini: nane ni paet, basi "paet thum".

Akanyamaza. Kumbe thum zinaishia tano, usiku wa manane wanaanza moja upya kwa neno lingine. Akapanda hadi mapokezi, akaniomba kalamu, akashika mkono wangu na kuniandikia kiganjani: 02:00.